Uso wa Pili wa Saa

Usta wangu, fundi wangu,

Saa ya babu yako imetembea. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, usingengoja nikusalimie. Ungesema salamu zitakuja baadaye, kwanza niambie saa ina nini. Basi uso wa pili ndio uliotembea, Usta, ule uliokufa kabla hujazaliwa, na mimi niliyeufungua mgongo mbele yako najua kabisa kwamba ndani hamna springi.

Siku tuliyokuzika nilirudi peke yangu kwenye duka lako la saa Plano, Texas, kuvuta mapazia. Kila kitu kilikuwa pale ulipokiacha. Tai yako ya akiba ilining'inia kwenye msumari, chupa ya marashi ya limau uliyokuwa ukiwamiminia wateja viganjani ilikuwa nusu. Saa ya babu ilikuwa kwenye rafu yake na nyuso zake mbili: wa kulia ule mliouita alafranga, saa ya Kizungu, uliokuwa ukiutia ufunguo kila Jumatatu, wa kushoto alaturka, saa yenu ya zamani ya Kituruki, wenye tarakimu za Kiarabu kama zile tulizosomeshwa chuoni Unguja. Jua lilikuwa linazama nyuma ya maegesho ya magari. Nikasikia saa inapiga, na haikupiga sawasawa. Moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi. Nikasimama na pazia mkononi, kwa sababu huo ndio ulikuwa mwendo wako tangu nyonga ikusumbue.

Nikageuka. Mishale ya kushoto ilikuwa juu kabisa, kwenye kumi na mbili.

Halafu kioo kikagongwa mara mbili, kwa ukucha. Kwa ndani.

Unajua kwa nini nilikimbia bila hata kuzima taa. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa akigonga kioo kabla ya kufungua saa. Ulisema saa ni nyumba, na mtu haingii tu nyumba ya watu. Nikakufundisha neno letu, hodi, ukalipenda kupita kiasi; ukawa unagonga saa za Wamarekani na kusema "Hodi!", wenyewe wakitazamana. Nikakupa na kanuni yake: hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hugeuka akaenda zake, na haruhusiwi kuweka kinyongo. Ukasema hiyo ni kanuni ya watu wastaarabu, na kwako hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Ile ilikuwa ya kwanza, na sikuitikia. Mama alitukanya tangu wadogo: hodi ya magharibi, kama hujui ni nani, nyamaza. Nami tatizo langu lilikuwa kwamba nilijua ni nani.

Kesho yake nilirudi mchana, nikasoma Fatiha mlangoni, nikaifungua. Pipa la springi tupu, kama ulivyonionyesha siku ile uliponisimulia habari za babu yako. Karani wa serikali. Serikali ikaamuru kofia ya Kizungu, akavua tarbushi. Ikaamuru herufi mpya, akajifunza kuandika upya mtu mzima na mvi zake. Ikaamuru saa ya Kizungu, akaung'oa moyo wa uso wa kushoto, akaenda kuutupa baharini. Ulisimulia kwa fahari, umekaa wima na tai yako katikati ya joto la Agosti, joto ambalo hata Wazungu wenyewe wanatembea na kaptura. Ukaniuliza, "Na ninyi? Wazungu walipowaletea saa yao mlifanya nini?"

Nikasema hatukufanya kitu. Tuliivaa, tukaisoma kinyume. Mshale ukiwa kwenye saba, sisi tunasema saa moja, na maisha yanaendelea.

Ulicheka mpaka miwani ikaanguka juu ya meza. Kisha ukakasirika, ukasema huo ni ujanja wala si maendeleo, ukaninunia kutwa nzima. Jioni, unafunga duka, ukasema bila kunitazama, "Babu angekuwa na akili hiyo, asingeitupa springi."

Nilidhani unamwaza babu. Kumbe ulikuwa unamwaza Elif, binti yako.

Usta, niliumia kwa ajili ya mwanao na sikukwambia ulipokuwa hai, kwa hiyo nakwambia sasa. Msichana alikwenda Houston kusoma, akajifunga mtandio, na wewe ukaacha kusema naye. Ulisema amerudisha mshale nyuma, na mshale ukirudishwa nyuma huvunja kengele. Nikakuuliza, "Na huu mtandio wangu?" Ukajibu, "Wako umepewa na mama yako, kizim. Wake ameuvaa kunipinga mimi." Kizim, binti yangu. Mimi mtu wa Unguja, niliyekuja kwako nimechoka na kubeba maboksi kwenye maghala ya Grand Prairie, uliniita binti yako kila siku ya Mungu. Yeye uliyemzaa alikuwa akipiga simu dukani wakati wa Idi, na mimi ndiye niliyepokea. Uliendelea kusafisha gurudumu lako dogo kana kwamba simu imelia kwa jirani. Nilikuwa nikienda nyumbani Lewisville nalia ndani ya gari.

Yeye ndiye aliyekuzika. Alikuja na mumewe, akasimamia kila kitu, akasimama mbali kidogo na kaburi, akarudi Houston bila kukanyaga dukani.

Uso wa kushoto ukaendelea kutembea. Nikazoea, kama mtu anavyozoea jirani mwenye kikohozi. Siku zikawa zinarefuka nao unazifuata. Kila jua likizama, kumi na mbili. Wamarekani waliposogeza saa zao mbele, kama wafanyavyo kila mwaka, nilizungusha mishale ya duka zima mpaka vidole vikauma. Ule sikuugusa. Magharibi ilipoingia ulionyesha kumi na mbili tu, kama saa ya nyumbani kwetu, na mimi nikajikuta, katikati ya hofu yangu, nimetulia. Ilikuwa saa ya kwanza Texas kuniambia jambo nililolijua.

Lakini duka lilikuwa linafungwa, na saa ile haikuwa yangu. Nikampigia Elif. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha haraka, "Usiniletee. Baba aliipenda hiyo saa kuliko sisi, abaki nayo." Jua lilikuwa linazama. Kioo kikagongwa. Mara mbili.

Elif akauliza, "Nini hicho?"

Nikasema, "Saa."

Akakata simu. Nilikuwa bado nimeishika, ikaingia meseji yake: anwani ya nyumba, bila neno jingine. Kwa ukaidi, Usta, mtoto wa nyoka ni nyoka.

Jumamosi nikaifunga mkanda kiti cha mbele, nikashika njia ya Houston. Niliweka redio, nikaizima; kila wimbo ulikuwa unachechemea. Njia nzima ulitembea kando yangu, moja nzito, moja nyepesi, na kila nilipopunguza mwendo ulionekana kuharakisha. Niliogopa, ndiyo. Lakini nilichoogopa zaidi ni hesabu. Hodi mbili zilikuwa zimekwisha. Ikija ya tatu na mwenye nyumba akakaa kimya, utageuka, nami nitakuwa nimekuleta mbali kote huko ukafungiwe mlango na mwanao kama ulivyomfungia wewe.

Hukuwahi kuingia nyumba yake, kwa hiyo nikueleze. Ana pua yako. Viatu huvuliwa mlangoni. Na sebuleni, Usta, ipo ile piano uliyomnunulia akiwa mdogo ili awe mtu wa kisasa. Ulidhani ameitupa. Ipo, ina alama za vidole vya watoto wake, na juu yake kuna msahafu na karatasi za muziki za wale Wazungu wako wa kale, pamoja. Hakurudisha mshale wowote nyuma. Alikuwa anatembea na nyuso zote mbili, na hapakuwa na mtu wa kumwona.

Tukaiweka saa pale juu. Hakuitazama. Akaniambia kwamba tangu ufe hajaweza kukukaangia helva, mkono unakataa. Mimi nikadhani ni halua yetu. Kumbe yenu ni semolina, zile chenga za ngano, inayokaangwa kwa siagi polepole, kila aliyepo anakoroga kidogo na kumwombea marehemu, na harufu yake, mnasema, humfikia. Akaingia jikoni ghafla, akawasha jiko. Akakoroga. Akanipa mwiko, nikakoroga. Harufu ikajaa nyumba. Dirishani jua likashuka nyuma ya mapaa.

Kumi na mbili.

Kioo kikagongwa mara mbili, taratibu, kama mtu asiye na hakika amefika nyumba sahihi.

Elif akaniangalia. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: kwamba ni hodi, kwamba ni ya tatu, kwamba ya tatu isipoitikiwa mgeni huenda zake, na kwamba mimi siwezi kumwitikia kwa sababu hii si nyumba yangu. Akageukia sebuleni. Semolina ikaanza kuungua, nikaiacha iungue. Saa ikapiga nzito, nyepesi, nzito. Halafu nzito peke yake, na kimya, kama mguu unaogeuka kizingitini.

Elif akafika pale kwenye piano sijui kwa hatua ngapi. Akaweka kiganja juu ya kioo cha kushoto.

"Buyur, baba," akasema. Karibu, baba.

Nikasikia ile hatua nyepesi. Moja tu. Kisha uso wa kushoto ukasimama, na juu ya harufu ya siagi iliyoungua ikaja ya limau, kali, kama umetoka kunawa mikono sasa hivi. Elif alinusa, akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti ya mtoto. Nikazima jiko.

Uso wa kushoto umebaki hapo kwenye kumi na mbili. Kabla sijaondoka niliutazama ndani kwa tochi: patupu, vumbi tu. Wa kulia unaendelea, na Jumatatu Elif anautia ufunguo mwenyewe. Anasema nyumba imebadilika kidogo. Piano hupiga noti moja moja mchana watoto wakiwa shule, na yeye anapita zake na kazi zake, anasema, "Hoş geldin," yaani karibu, basi. Haogopi. Mimi naogopa kwa niaba yake.

Zana zako nimezichukua. Nimepata kimeza kwenye duka la mtu hapa hapa Lewisville, na saa sitazifungua bila kuzigongea, wateja wanione watakavyo. Hilo nakuahidi. Na kila Idi nitampigia Elif, ili simu ya Idi isikose wa kuipokea tena.

Pumzika, Usta. Umefika. Nami siku yangu ikija nitakutafuta huko, nitagonga kwa ukucha mara mbili. Tafadhali usinisubirishe mpaka ya tatu.

Kizim wako,
Rukia