Jumamosi Haikupimwa

Asembo Bay, 4 Machi 2025

"Hata kaunti nzima ikibonyeza kwa wakati mmoja, mfumo wetu hautatikisika." Hayo ni maneno ya mkubwa wako, Bwana Wechuli, redioni jana. Zadock, wuoda, mwanangu, kabla sijakusalimu namjibu: huo ni uongo au ni ujinga, na mimi niliyefundisha hesabu miaka ishirini na sita sijui kipi kibaya zaidi. Kaunti nzima ilibonyeza lini, yeye akiwa wapi?

Sasa salamu. Mimi mzima, ila goti. Kifua chako kimepona? Dada yako Winny ametimiza miezi saba ya ujauzito. Anakula samaki mpaka mumewe, Okello, anasema ameoa paka.

Linaloniuma ni hili: zahanati imefuta ukutani namba ya dereva wa ambulensi. Wajawazito wameambiwa waite kwa programu yenu, ile ile ya kuitia bodaboda. Wewe ndiye mpimaji. Ulipima siku gani? Usinipigie. Kwenye simu hujibu "sawa" tu. Andika.

Mama yako


Nyamasaria, Kisumu, 11 Machi 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Kifua kimepona. Mwambie Winny nimenunua nguo za mtoto, za manjano, kwa kuwa amekataa kusema ni nani anakuja.

Kupima ni hivi. Tunaandika programu nyingine inayojifanya watu. Inaanza na watu hamsini wanaoita kwa pamoja, halafu mia, halafu mia mbili. Kwa mia tatu, jibu linarudi kwa sekunde mbili. Kwa mia tano linachechemea. Kwa mia saba mfumo unalala chini. Bwana Wechuli alichukua wastani wa wiki, watu mia moja na themanini, akasema mia tatu inatosha na kubaki.

Nilimwambia kwetu Jumamosi ni siku ya mazishi, kwamba watu hutoka hata Nairobi, na kaburi likishafunikwa wote hutafuta pikipiki saa ile ile. Ambulensi na bodaboda ziko foleni moja. Akaniuliza kama nataka aajiri marehemu wawe washauri. Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, Mama. Kisha nikatia sahihi kwamba mfumo umepimwa.

Nitaomba tupime upya.

Mwanao, Zadock


Asembo Bay, 16 Machi 2025

Zadock,

Tuko wazima, na salamu ni fupi kwa sababu nimekasirika. Jana tulimzika mzee Amolo. Nilisimama langoni na daftari, nikahesabu kila aliyetoa simu kutafuta bodaboda kaburi lilipofunikwa. Mjane aliniuliza kama naandika wasiolia. Kwa robo saa nilipata watu mia nne na kumi na wawili, na hayo yalikuwa mazishi mamoja kati ya matatu hapa Asembo.

Wastani wa mvua ya mwaka haujazamisha mtu. Huzamisha mvua ya siku moja. Mpelekee Wechuli hesabu hii, na akicheka, wewe usicheke.

Mama yako


Nyamasaria, 28 Machi 2025

Mama mpendwa,

Natumaini goti limepoa. Mimi sijambo.

Nimempelekea. Anasema seva za kupimia zina kazi nyingine, tungoje Pasaka ipite. Sikubishana, mkataba wangu unaisha Juni. Kutenga foleni ya ambulensi ni kazi ya siku mbili. Nimeshaiandika, inangoja ruhusa yake tu.

Mwambie Winny akisikia uchungu abonyeze mapema.

Mwanao, Zadock


Asembo Bay, 29 Aprili 2025

Zadock,

Leo siulizi afya yako. Ulikuja Jumapili, ukasimama langoni kwa Okello, ukarudi Kisumu bila kuketi. Kwa hiyo hukusikia ilivyokuwa. Utasoma.

Jumamosi saa nane mchana Winny alianza kutoka damu. Okello alibonyeza. Kiduara kikazunguka. Nikabonyeza kwa simu yangu, jirani yetu Swaumu kwa yake. Kila upande mazishi yalikuwa yanamalizika, na pikipiki zote zilikuwa huko. Winny alinishika mkono akasema, "Mama, mwambie Zadock aiweke yangu mbele." Nilikupigia. Simu haikutoka.

Okello alikimbia kwa miguu. Kilomita nne. Alimkuta dereva, Simiyu, anaosha ambulensi. Hakuna aliyemwita siku nzima. Walipofika, Winny alikuwa amenyamaza mikononi mwangu, na mtoto pamoja naye. Alikuwa msichana. Saa kumi na moja simu yangu ililia: ombi lako limepokelewa.

Wechuli ametuma rambirambi, anasema ni tukio la nadra. Jumamosi huja kila wiki.

Nimejaribu kukulaani, nimeshindwa. Kukukumbatia pia sijaweza.

Tunamzika tarehe kumi Mei, Jumamosi, nyumbani kwa Okello. Watakuja mamia, na tukishamfunika watatoa simu wote, na mahali fulani mwanamke mwingine atakuwa anatoka damu. Basi wewe Zadock, na wewe Bwana Wechuli, na kila mpimaji aliyecheka katika ofisi hiyo: kabla ya siku hiyo tengeni foleni ya wagonjwa, mwipime kwa hesabu ya Jumamosi. Mkishindwa, izimeni programu yenu, na mje wenyewe mwandike namba ya Simiyu kwenye ukuta wa zahanati.

Mama yake Winny