Mlango Niliomfundisha Tatu Kuufunga

Alhamisi jioni, Same mjini

Upepo umevuma tangu asubuhi na sasa hata kibodi za hapa intaneti kafe zina mchanga. Umeme upo, jambo la kushukuru katika wiki hizi za mgao. Miguu imenivimba. Nimevua viatu chini ya meza, na dada wa mapokezi anajifanya hajaona.

Nimechoka. Safari peke yake hainichoshi hivi, nimeizoea. Leo nimechoka na nafsi yangu.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa walimu. Muhula huu nimekabidhiwa wanafunzi watatu wa shahada ya uzamili niwaandae kuwa wakufunzi vyuoni. Vitabu wanavijua kuliko mimi. Kilichobaki ni wajue kusimama mbele ya watu. Enzi zetu vyuo vilikuwa vya serikali na vya misheni, basi, na vilifanana mpaka rangi ya kuta. Tangu masharti yalegezwe, kila mwenye ghorofa anafungua chuo, huku vile vya serikali vikihesabu vipande vya chaki na ajira zikiwa zimesitishwa mwaka wa ngapi sijui. Kwa hiyo nimewagawa watatu hawa katika vyuo vya aina tatu, nikajiona mwerevu.

Elinami yuko milimani, chuo cha kanisa. Kule kengele ikilia watu wanakimbia, sala ya asubuhi haikosi mtu, na wanafunzi wanasimama mwalimu akiingia. Ana raha zake. Joseph yuko hapa mjini, kwenye chuo cha mtu binafsi kilichopanga juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye chuo amemwonya asimfelishe mtu, maana mwanafunzi akiudhika anahamia chuo cha mtaa wa pili. Kila Jumatatu Joseph ananipigia simu kulalamika, na kila Jumatatu namwambia avumilie. Ushauri wangu umeishia hapo.

Tatu ndiye niliyempeleka bondeni, upande wa Kihurio, kwenye chuo kidogo cha serikali cha maendeleo ya wananchi. Wanafunzi wake ni watu wazima, wakulima wa mpunga na mahindi, kina mama wengi. Anawafundisha usimamizi wa shamba. Yeye ndiye bora kati ya watatu, na nasema hivyo bila kumpendelea. Anaandaa somo mpaka unaona huruma.

Baba yake alitoka Kigoma kukata mkonge, akafia kazini. Mama yake bado anaishi kwenye nyumba za kambi ya shamba la mkonge, lakini shamba limeuzwa, na mwenye mali mpya anataka wastaafu na wajane waondoke kabla ya mwisho wa mwaka. Chuo cha Kihurio kimepata kibali cha kuajiri mkufunzi mmoja, na kazi hiyo ina nyumba. Vyumba viwili na jiko la nje. Tatu alinionyesha nyumba hiyo mwezi uliopita, akanieleza kitanda cha mama yake kitakaa upande gani.

Leo nilikwenda kumkagua. Nilifika saa nne kasorobo, nikaingia darasani, nikakuta wanafunzi watano. Rejista ina kumi na tisa.

Wale kumi na wanne walikuwa wamekaa barazani kwa mkuu wa chuo. Miguu ina tope lililokaukia magotini, majembe yameegemezwa ukutani. Kwenye ubao wa matangazo kulikuwa na karatasi yenye majina yao, mwandiko mzuri wa Tatu, ikisema hawataruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho kwa sababu ya kukosa kipindi mara tatu.

Walikosa Jumatano tatu. Jumatano ndiyo siku yao ya maji.

Mama mmoja, nadhani ni mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja miwili, alisimama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole uliozidi kunichoma. "Mwalimu, sisi hatujagoma," akasema. "Mimi nikikosa maji Jumatano, mgawaji wa zamu za mfereji anampa mwingine, nangoja wiki nzima. Na mpunga wangu ndiyo unachanua sasa hivi. Jumatano ile ya kwanza nilikimbia kutoka shambani hivihivi na tope, nikakuta mlango umefungwa. Nimebisha hodi weee."

Mlango ulifungwa saa mbili na dakika tano. Najua kwa sababu dakika tano ni zangu.

Ni mimi niliyewafundisha. Wiki ya kwanza kabisa, wote watatu wakiwa mbele yangu, niliandika ubaoni: dakika tano baada ya kengele, funga mlango; akikosa mara tatu bila ruhusa, hakuna mtihani. Niliwaambia mkufunzi asiyelinda saa yake hataheshimiwa na mtu. Nilifundishwa hivyo nikiwa msichana wa miaka ishirini, chuo cha misheni, na tangu hapo nimewapa hivyo hivyo wote waliopita mikononi mwangu, bila kujiuliza wanakwenda wapi. Wanakwenda kila mahali. Nimekuwa nikiwaandaa wote waende nilikotoka mimi.

Na Tatu angejuaje? Kwao hawakuwahi kuwa na shamba. Alikulia kambini, ambako king'ora cha alfajiri kikilia na baba hayupo kwenye mstari, ujira wa siku hiyo umekwenda. Sheria yangu ilimkuta yuko tayari.

Lakini mimi ni Mpare. Nimezaliwa huko juu, Pare Kusini. Nikiwa na miaka tisa nilitumwa na jembe dogo kufungua mfereji siku ya zamu yetu kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji. Nimewahi kutoroka shule kwa ajili ya zamu hiyo, na mama alikuja mwenyewe kuniombea kwa mwalimu. Hakuna mtu wa kunieleza mimi maana ya siku ya maji. Niliijua nilipompeleka Tatu Kihurio, niliijua nilipokagua ratiba yake yenye vipindi viwili vya Jumatano asubuhi, nikaweka saini. Akili yangu ilikuwa kwenye fomu.

Hilo ni kosa. Lililofuata ni baya zaidi, na ndilo lililonikalisha hapa.

Mkuu wa chuo alituita ofisini, mimi na Tatu. Ni mzee mstaarabu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Hakupandisha sauti. "Binti kasoma, hilo halina ubishi," akaniambia mimi, kana kwamba Tatu hayupo. "Ila hapa hatutawezana naye. Hawa ni watu wazima, mwalimu. Unawafungiaje mlango? Kesho alasiri napeleka jina wilayani, na sitapeleka la kwake." Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, kama huko chuo kikuu ndivyo tunavyowafundisha.

Tatu aliniangalia. Alikuwa anangoja nijibu.

Nilisema, "Vijana wa siku hizi wana haraka, mkuu. Tutamrekebisha."

Nimeiandika sentensi hiyo kama ilivyotoka kinywani. Nimeifuta mara mbili, nikairudisha. Ilitoka kirahisi, hata sikuitafuta. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mgeni, nimeletewa soda, natajwa kwa heshima, na sikutaka mzee yule anione mimi ndiye mjinga. Nimwachie nani ujinga? Nikamwachia binti.

Tatu aliinamisha kichwa akasema samahani. Kwangu na kwa mkuu, sote wawili. Akatoka kwenda kuwafundisha wale watano waliobaki, na alifundisha vizuri, ndiyo hasara yenyewe. Nilikaa nyuma na fomu ya tathmini nikiweka alama za sauti, ubao, usafi wa mavazi. Hakuna mahali kwenye fomu ile panapouliza kama msimamizi ana haya.

Kipindi kilipokwisha alinisindikiza barabarani. Alinibebea mkoba. Aliuliza kama nina maji ya kunywa njiani. Ningependelea anitukane.

Njia nzima mpaka Same nimekuwa nikijitetea. Kwamba bado miaka miwili nistaafu, na jina langu ni safi. Kwamba mkuu asingebadili mawazo hata ningesema ukweli. Kwamba Tatu ni kijana, atapata kwingine. Wapi? Chuo kikuu hakiajiri. Elinami na Joseph nao wanatafuta. Na mwisho wa mwaka hausogei mbele kwa sababu ya mjane mmoja wa kambini.

Ningeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Tatu hatasema. Nilimfundisha vizuri mno kumheshimu msimamizi wake.

Naona aibu. Basi, nimesema.

Nimeitoa fomu mkobani sasa hivi. Ukurasa wa mwisho una nafasi ya udhaifu wa mwalimu mwanafunzi, nami nilikuwa nimejaza kwa penseli kwamba hajui kusoma mazingira. Nimefuta. Nimeandika kwa kalamu: "Alifuata maelekezo ya msimamizi wake, ambaye aliyajua mazingira haya na hakumwambia." Nikaweka saini chini yake. Huko chuo kikuu wataifanyia wanavyotaka. Pengine hawatanipa wanafunzi mwakani, na pengine itakuwa sawa.

Lakini fomu inakwenda kwa posta, na jina linakwenda wilayani kesho alasiri. Karatasi haitawahi. Lazima niende mwenyewe, nikakae kwenye kiti kile kile, nikaseme kwa mdomo. Ratiba inaweza kubadilishwa; Jumatano wakafundishwa jioni, wale kumi na wanne wakafanya mtihani. Tatu angeweza kuipanga kwa nusu saa kama angeambiwa. Nitamwomba mkuu ampe Tatu siku moja ya kuirekebisha kabla ya kupeleka jina. Anaweza kukataa. Ana haki ya kukataa.

Nimefundisha walimu miaka thelathini na moja. Nimesahihisha maandalio ya masomo mpaka macho yakaharibika. Kumwomba radhi mwanafunzi wangu mbele ya mtu sijawahi, hata mara moja, na sijui nitasimama vipi au nitaweka wapi mikono.

Gari la kwanza la Kihurio linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshampigia kondakta aniwekee siti ya mbele, ili kesho nisije nikasingizia miguu. Nikifika kutakuwa na watu watatu wa kuzungumza nao: mkuu wa chuo, yule mama aliyebisha hodi, na Tatu.

Nitaanza na Tatu.