Naogopa Kuizima Kompyuta ya Marehemu

Thika, 21 Juni 1999

Mpendwa Shangazi Nafuna,

Naomba msaada wako, na ukiona barua ni ndefu unisamehe, kwa sababu nimezoea kuwapigia watu taipu barua zao na hii yangu mwenyewe nimeianza mara tatu. Naitwa Zubeida, naishi Kamenu, na kazi yangu ni kupiga taipu hapa nyumbani, barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, ripoti za mikutano ya vyama. Mume wangu Zuhair alifariki mwezi wa Februari, na eda yangu imeisha wiki iliyopita, na badala ya kufurahi kuiona barabara tena nimekaa tu ndani nikiilinda mashine, na hiyo ndiyo shida yangu.

Zuhair alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, na siku za mapumziko alitengeneza kompyuta zilizotupwa na ofisi za watu. Hii yangu aliipata haina hard disk, yaani haina mahali pake pa kuweka kitu chochote, na kila aliyeiona alimwambia amebeba sanduku tupu. Yeye akatafuta Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, akakaa nayo miezi mingi akiipunguza hadi ikatosha kwenye disketi moja, ile ndogo ya plastiki inayoingia mfuko wa shati. Aliniambia ni kama kufunga mzigo wa msafiri atakayeupakata njia nzima: unatoa kitu, unajiuliza kama safari itakwama bila hicho, na kama haikwami unakiacha nyumbani. Akatoa michezo, akatoa picha, akatoa lugha za nchi za mbali, akabakisha mahali pa kuandikia na njia ya kufikia printa. Hata hivyo haikutosha, akaipanga disketi yenyewe upya ili ibebe zaidi ya kawaida yake. Kila alichofanya alikiandika kwenye daftari, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kwa kalamu ambayo kifuniko chake alikitafuna mpaka kikawa bapa.

Basi ikawa kila asubuhi natia ile disketi, mashine inaisoma yote na kuyaweka iliyoyasoma kwenye kumbukumbu yake, halafu naitoa na kutia disketi nyingine ya kuhifadhia kazi za watu. Lakini inapowaka tu, kabla ya jambo lingine lolote, inaandika mstari mmoja ambao Zuhair aliuweka bila kuniambia. Unasema: "Zubeida, fungua dirisha kwanza." Chumba ni kidogo, nami huumwa kichwa nikifungiwa na joto la mashine, na nikishaanza kazi nasahau. Siku ya kwanza nilicheka nikamwambia, "Kwa hivyo umeniajiria nyapara?" Akasema, "Nikiwa kiwandani ni nani atakukumbusha?"

Wengine aliowapa disketi nao aliwaandikia mistari yao. Jirani yetu Mzee Zacharia, karani mstaafu, yake ilisema: "Mzee, miwani iko kichwani." Mwezi wa Aprili Mzee Zacharia alitaka nakala ya akiba, akaipeleka disketi yake kwenye ofisi moja ya kompyuta mjini. Msichana wa pale akaitia kwenye mashine ya Windows, na Windows, kwa kuwa haikuuelewa mpangilio wa Zuhair, ikasema disketi hii haijatayarishwa, je, niitayarishe? Naye akabonyeza ndiyo, akidhani anasaidia. Mzee alirudi akasimama mlangoni, hakuingia kwa sababu ya eda, akasema, "Haiya, Bi Zubeida, wameniosha! Nimebaki na plastiki." Alikuwa anacheka, lakini mkono wake ulikuwa ukiigeuza disketi huku na huku kama mtu anayetafuta upande ambao hajaangalia.

Tangu siku hiyo yangu sikumpa mtu kuishika. Halafu katikati ya Mei stima ikapotea, na iliporudi disketi ikaanza kukwaruza. Nilijaribu mara nne ikakataa, na mara ya tano ikawaka. Shangazi, tangu hapo sijaizima mashine. Kuna betri ya gari ambayo Zuhair aliiunganisha, inaishikilia kama nusu saa, na Mungu amenisaidia stima haijapotea zaidi ya hapo. Sasa limebandikwa tangazo dukani kwamba Jumamosi ya tarehe kumi Julai stima itakatwa mtaa mzima kutoka asubuhi hadi jioni, wanabadilisha nguzo.

Hilo ni moja, lakini liko lingine baya kuliko hilo. Wifi yangu Mwanarusi, dada yake Zuhair, anafundisha shule moja Ruiru, na huko wana kompyuta nane za msaada zisizo na hard disk, zimefunikwa shuka, na Zuhair alikuwa amemwahidi disketi nane. Eda ilipoisha alikuja na mahamri, tukanywa chai, akasema, "Wifi, sikuja kukusumbua. Ni ile disketi ya kaka tu. Nakala moja, hata ukiwa umekaa hapohapo unaniangalia." Nikamwambia ilipotea wakati wa msiba. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye mashine, Shangazi, nayo inavuma, na maandishi yanaonekana kwenye kioo. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, wifi. Vitu hupotea." Akakunja kitambaa alichofunikia mahamri, akaondoka.

Niliogopa wataiharibu kama walivyoiharibu ya Mzee. Na niliogopa pia, nakiri, kwamba watoto darasa zima watausoma mstari wangu, au mtu atakuja aufute aandike wake. Daftari ninalo, hatua zote zimo, na ya mwisho kabisa inasema "badilisha salamu iwe ya mwenye disketi", na hiyo siwezi hata kuisoma kwa sauti. Je, niiache mashine mpaka siku hiyo ifike na stima ijikatie, au niizime mwenyewe nikimwomba Mungu iwake tena? Na Mwanarusi nitamwambia nini?

Wako,
Zubeida, Kamenu


Shangazi Nafuna anajibu:

Bi Zubeida, pole sana. Mume aliyejua kwamba wewe husahau dirisha si mtu wa kupita hivihivi, na hutanisikia nikikuambia uache kumlilia. Lakini yapo mengine nitakayokuambia, na yatakuuma kidogo.

Barua yako nimeiweka mbele ya zingine kwa sababu ya hiyo tarehe kumi. Nilimsomea Ndila, mwanamke anayetengeneza kompyuta karibu na ofisi yetu, maana mimi mambo ya disketi siyajui. Alicheka tulipofika kwa Mzee Zacharia, halafu akauliza swali moja tu: "Huyu mama, huo mstari ameuona lini mara ya mwisho?" Nikarudi kwenye barua. Umesema mstari unatokea mashine inapowaka. Umesema hujaizima tangu katikati ya Mei. Kwa hivyo, dada yangu, una zaidi ya mwezi mzima unailinda salamu ambayo huisomi. Na dirisha je? Usinijibu mimi, litazame.

Sasa kuhusu wifi yako. Uongo wako haukumdanganya, ulimfukuza tu. Wewe umefiwa na mume, yeye amefiwa na kaka, na alichokuja kuomba ni ahadi aliyopewa na mtu yuleyule unayemlilia. Hata njia alikurahisishia, alikuambia ukae hapo umwangalie. Ukamnyima akiwa ameshika kikombe chako. Hapo ulikosea, na usijitetee kwa yaliyompata Mzee Zacharia, kwa sababu disketi yake iliharibiwa na mgeni asiyejua ameshika nini. Mwanarusi anajua.

Sikiliza basi. Mashine usiizime bado. Ndila anasema yote iliyoyasoma ile siku ya Mei bado yamo kwenye kumbukumbu yake, mazima, hata kama disketi yenyewe imechakaa, na kutoka humo yanaweza kuandikwa kwenye disketi mpya. Ikizimwa kabla ya hapo, yanakwenda. Disketi hizi huchakaa kwa kusuguliwa kila siku, mumeo alilijua hilo, na ndiyo maana akatafuna kifuniko cha kalamu akiandika daftari. Mtu anayetaka kitu kibaki kimoja haandiki jinsi ya kukitengeneza.

Nenda Ruiru wiki hii. Nenda mwenyewe, eda imeisha, usimtumie mtu. Mwambie kabla hajabandika chai: "Wifi, nilikudanganya." Usiongeze sababu, sababu anazijua. Kisha mrudi pamoja Kamenu na kompyuta moja ya shule, hata kama itabidi mmwombe mtu mwenye pikapu. Nunueni disketi mpya za kutosha, na mbili tatu za ziada. Mwanarusi asome daftari, wewe ubonyeze, hatua moja baada ya nyingine, kwenye mashine ya Zuhair yenyewe na si kwenye Windows ya mtu yeyote. Nakala ya kwanza ikishamalizika, sukumeni kile kifungo kidogo cha pembeni mwa disketi ili mtu asiweze kuandika juu yake kwa bahati mbaya, halafu muitie kwenye kompyuta ya shule. Isipowaka, rudieni, mashine bado haijazimwa, hamjapoteza kitu. Ikiwaka, tengenezeni ya pili palepale. Asubuhi ya tarehe kumi usingoje wakate stima. Izime kwa mkono wako. Jioni stima ikirudi tia nakala mpya, na usome mstari wako. Ile disketi ya zamani weka ndani ya daftari, imefanya kazi ya kutosha.

Imebaki ile hatua ya mwisho, uliyoshindwa kuisoma kwa sauti. Hakuna anayekutaka ufute mstari wako. Wako utabaki kwenye disketi yako, neno kwa neno. Lakini Zuhair hakumwandikia Mzee Zacharia habari za dirisha. Alimtazama Mzee, akaona miwani. Kuipunguza hiyo Linux ameshaipunguza, kuipanga ameshaipanga, kazi aliyoiacha ni hiyo ya kumtazama mtu na kuona anachosahau, na sijui nani mwingine ataimaliza kama si wewe uliyeishi naye. Kaa nyuma ya darasa la Mwanarusi siku nzima. Watazame hao watoto. Yuko atakayeinamia meza mpaka pua iguse vitufe, yuko asiyefunga kamba za viatu, yuko anayeogopa kuuliza. Andika salamu nane, za mashine nane.

Ila kabla ya hizo nane andika moja ya Mzee Zacharia. Yake unaikumbuka yote, umeniandikia mimi, naye tangu Aprili anatembea na plastiki tupu.

Mimi sina kompyuta, Bi Zubeida, wala sikuombi disketi. Asubuhi ukishafungua dirisha, kabla hujaanza kazi za watu, unikumbuke.