Nyanya, Ulisimama Hadi Wimbo wa Mwisho

Mpendwa Nyanya,

Mjomba akikusomea barua hii huko Molo, mwambie asiruke mahali. Ulisema mwenyewe: "Waambie wanawake wote. Aibu nimeimaliza."

Nakumbuka nilipokuomba umbebe binti yangu, wa jina lako, akibatizwa. Kwetu aliyempa mtoto jina ndiye humbeba, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ukakataa. Nililia nikidhani umenikataa mimi. Kumbe kanisa ulikuwa umeliacha mwaka mzima, maana ukikohoa tu, mkojo unatoka. Hata chai uliacha, midomo ikakauka.

"Ni uzee, mke mwenzangu," ukaniambia kwa utani wetu wa nyanya na mjukuu.

"Si uzee! Hata mimi nilipojifungua mkojo ulinitoka. Mkunga wa zahanati akanifundisha dawa isiyo na chupa."

Tukaanzia shambani kwa mzungu, katikati ya maua ya pareto tuliyokuwa tukichuma. Kaza pale unapozuilia mkojo, chuma maua matano, legeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya kwanza ulikaza kila kitu isipokuwa hapo! Mashavu yamefura, pumzi umeifungia.

"Nyanya, pumua! Uso hauna kazi hapa!"

Nyapara akauliza kama tumbo linakuuma. Ukamjibu, "Nafanya kazi mbili kwa mpigo. Wewe hata moja huna."

Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili, leso za kubadilisha zikapungua kidogo, lakini ulitaka kuacha, nikakukatalia. Wa tatu ukapiga chafya pale mferejini. Ukasimama, ukajipapasa. "Kavu!" ukapaza sauti, kuku wakatawanyika.

Basi Jumapili ya ubatizo ukambeba mtoto. Mhubiri akaomba, akaomba tena, kama hana kwao. Wewe umesimama wima, unaimba, unakohoa, huna habari. Mara nikaona leso yako imelowa kifuani. Moyo wangu ukaruka. Ukamwinua mtoto juu, kanisa zima likasikia: "Ni huyu! Leo si mimi!" Ukacheka mpaka machozi, na ni machozi tu yaliyotoka.

Nyanya, sasa akina mama watatu wa safu yangu wanakaza wakichuma. Mmoja ana wajukuu tisa. Nikiwaangalia nasikia kama kifua changu ni kidogo kwa furaha. Mwili uliodhani umekuaga, uliurudisha mwenyewe. Nami nikizeeka, sitajificha.

Nakukumbatia kwa nguvu zote,

Mjukuu wako, mama wa mwenye jina lako