Nimshukuruje Somo wa Pili?

Bi Zainabo wa redioni, pokea salamu zangu kutoka Palma, mimi Sumaia, nafanya kazi kwenye ushirika wa akina mama wauza samaki, nakuandikia nina furaha na mashaka kwa pamoja, maana kuna mtu amenitendea wema na sijui nimshukuru vipi bila kumuumiza mwingine. Mtu huyo ni Domingas, jirani yangu kutoka Mueda, aliyenifundisha kuandika programu ya kuwatumia mama zetu ujumbe kwamba barafu imefika, maana wasipoupata samaki wanaoza, na rede, yaani mtandao wa simu wa huku, unaijua, Palma ukituma mara mbili unapita lakini kule Olumbi pengine mpaka mara tano, basi akanifundisha decorador, yaani kifuniko unachokivisha kile kipande cha kutuma ili kirudie chenyewe, nikaweza, ila nilipotaka kila mahali pawe na idadi yake ya kurudia nikakwama, kifuniko nilikiandika matabaka mawili tu, programu ikaichukua ile tano kana kwamba ndiyo kipande cha kutuma, ikagoma, nikalia. Domingas akacheka, akasema, "Mana Sumaia, dada yangu, unamvisha mtu kabla hujampa fundi kipimo! Tabaka la nje lipokee kipimo, la kati limpokee mwenye kuvaa, la ndani ndiyo nguo yenyewe, na kila moja litoe lile lililomo ndani yake." Tukaandika pamoja, ikakubali, kisha akafuta yote, akaniambia niandike peke yangu, na mpaka leo sijaandika.

Bi Zainabo, hakuna aliyewahi kunivumilia hivyo, nampenda kama ndugu, na Jumamosi anarudi kwao, nikanunua kapulana, kitambaa chetu cha heshima, nimfunike mabegani mbele ya ushirika na nimwite somo, lakini shangazi yangu Nazira, ambaye ndiye somo wangu aliyenicheza unyago, nilipomwonyesha akanuna, akasema, "Mwanamke hana masomo wawili, tena huyo hata msikitini haingii," na tangu hapo hasemi nami. Nifanyeje?

*

Sumaia mwanangu, barua yako imenifurahisha. Wengi huniandikia kulalamika walivyotendwa, wewe shida yako ni kwamba una watu wawili wa kuwashukuru. Mungu akuzidishie.

Sasa nikukaripie. Domingas alifuta ili uandike, nawe ukaenda dukani kuchagua kapulana! Mama wa Olumbi bado hawapati ujumbe, samaki wananuka, halafu unaniuliza habari ya zawadi? Mimi kompyuta kazi yangu ni kuifuta vumbi, lakini fundi cherehani namjua: kwanza kipimo, kisha mwenye kuvaa, kisha nguo. Kaa uandike. Ukikosea, rudia. Si ndiyo kazi unayotaka programu ikufanyie?

Na kwa shangazi umekosa adabu, bibi. Ulimwendea na kapulana mkononi, jambo limeshaamuliwa. Kwetu jambo kama hilo huombwa. Mtu alikufundisha kuwa mwanamke, akakufichia aibu zako zote, leo asikie tu kwamba kapata mwenzake? Hata mimi ningenuna. Hayo ya msikiti ni hasira tu, kapulana haimuulizi mtu anasali wapi.

Nenda kwake leo. Vua viatu, kaa mkekani, mwambie: "Shangazi, nisamehe. Wewe ulinifunza utu, huyu kanifunza kazi. Nakuomba umfunike wewe, kwa mkono wako." Mwachie kapulana, uondoke, usimbane akujibu. Namjua mwanamke wa namna yake: atainusa, ataikunja vizuri, na Jumamosi atatangulia kufika.

Siku hiyo waketishe pamoja. Tuma ujumbe wa barafu kwa programu uliyoiandika peke yako, na shangazi amfunike Domingas. Usihutubie, machozi yatakuharibia. Iweke simu katikati yao, mngoje mama mmoja apige kutoka Olumbi aseme ujumbe umefika.