Kupika kwa K

Jumapili, 4 Mei 2025

Nimechoka na kamati! Tumekaa ofisi ya kanisa baada ya ibada mpaka chai ikapoa, na sababu ni Chepkemboi, yule mjane kijana wa kwaya anayenichumia majani chai siku za wiki. Njuguna wa kamati alimwona Ijumaa jioni kwenye geti la Hezekiah, mwalimu wetu wa kwaya. Na mke wa Hezekiah yuko Siongiroi, anamuuguza mamake. Haya basi.

Pasta Kuria alimuuliza Chepkemboi kwa upole, ulimfanyia Hezekiah nini? Akajibu bila kupepesa macho: "Nilimpikia."

Alimpikia! Mume wa mtu! Irungu akagonga meza. Hakuna aliyemwacha amalize. Hata mimi nilisema, na kwa sauti, mwanamke hapikii mume wa mwenzake bure. Rachael peke yake ndiye aliyenyamaza, lakini Rachael huwa hivyo.

Uamuzi: benchi la nyuma, lile la karibu na mlango. Hakuna kuimba, hakuna meza ya Bwana, mpaka Jumapili ijayo asimame mbele ya watu atubu. Chepkemboi aliangalia viatu vyake, akatoka. Na mahubiri ya leo yalikuwa juu ya rehema! Pasta alihubiri mpaka nikatoa leso.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Ng'ombe amepiga ndoo teke. Sina raha, na sijui ni kwa nini.

Jumatano, 7 Mei

Mungu wangu.

Tulikuwa shambani, vikapu vimejaa, wingu limeshuka. Chepkemboi anachuma kando yangu. Ghafla akainua kichwa. "Mama, mvua inakuja. Nikupikie Orina wa boda akuje abebe majani?"

Nilitaka kucheka — unipikie Orina, na chumvi? Halafu nikaona simu iko sikioni mwake. Pikia. Pigia! Ulimi wa Kipsigis, G yao hutoka K.

Nilikaa hapo hapo matopeni. Nikamuuliza, na Hezekiah? Akasema hakuja mazoezi ya kwaya, akampigia, akasikia anavyotetemeka mpaka meno yanagongana. Akaenda mpaka getini, akarudi. Mbona hukuingia? "Mama, watu wataongea."

Watu! Watu ni sisi. Na mimi wa kwanza — mimi ambaye lori naita roli tangu utoto, na watoto wa hapa wananicheka kila siku.

Halafu akainua kikapu chake, akasema. "Lakini afadhali ningempikia uji, Mama. Hiyo ndiyo ilikuwa inafaa."

Alhamisi, 8 Mei

Nimetoka kwa Pasta. Alisikiliza, akafuta miwani. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, kanisa zima limeshajua. Msichana atubu tu, tumsamehe, yaishe kwa amani. Atubu nini? Atubu kuonekana vibaya! Nikamuuliza Hezekiah ana hali gani. Hajui. Na mimi nilikuwa sijui. Kamati nzima, hakuna aliyeuliza!

Nimerudi na hasira mpaka nikasahau mwavuli wangu kwake. Sirudi kuuchukua. Na hata kama kweli angempikia — mgonjwa, peke yake — tungemweka benchi la nyuma kwa sababu ya sufuria? Nimejiuliza hivyo njia nzima.

Ijumaa, 9 Mei

Benard wa maziwa ameniambia alimkuta Hezekiah sakafuni Jumanne, midomo imepasuka, akampeleka zahanati. Ni taifodi. Sasa yuko nyumbani. Dawa anazo, chakula hana wa kumpa. Mkewe hawezi kumwacha mamake. Wanaume wa kamati wanaogopa taifodi, wanawake wanaogopa kamati.

Nilipita kwa Rachael. Wewe ni Mkipsigis, nikamwambia, Jumapili ulisikia nini? Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho. "Alisema alimpikia. Kwa simu. Mimi nilielewa. Lakini mlikuwa mmeshakasirika, Mama Shirley. Ningesema nini?"

Nilitaka kumfokea! Nikakumbuka sauti iliyokuwa juu siku hiyo ilikuwa ya nani. Nikamsaidia maharagwe kidogo, nikaenda zangu.

Jumapili, 11 Mei

Naandika nikiwa benchi la nyuma. Ndiyo, mimi.

Asubuhi nilipika uji wa wimbi na supu ya kuku, nikafunga hotipoti kwa kitambaa, nikapita katikati ya maduka ya senta saa ile ile watu wanaenda kanisani. Chepkemboi kando yangu. Nilitaka waone. Waliona! Irungu akauliza nani mgonjwa. Hezekiah, nikasema, nimempikia. Kwa K. Hakuelewa, akaharakisha. Hezekiah alikunywa uji polepole, akaomba kikombe cha pili. Niliona haya mpaka nikatoka nje kidogo.

Halafu kanisani. Pasta akaita jina la Chepkemboi. Akasimama. Na mimi nikasimama, hotipoti mkononi, nikawaambia huyu msichana alimpigia mgonjwa simu, sisi tukasikia vyungu. Kama kumpikia mgonjwa ni dhambi, basi nianze kutubu mimi, kwa maana nimepika na yeye hajapika. Mtu akacheka. Mwingine akasema Amina. Njuguna akasema nimeleta siasa nyumbani mwa Bwana. Pasta akafunga ibada kabla ya sadaka — haijawahi kutokea!

Sasa kamati iko ofisini, bila mimi. Namsikia Irungu na meza yake. Chepkemboi anaimba chini kwa chini, sidhani hata anajua anaimba. Naogopa. Mimi wakinitoa kwenye kamati, nitalala vizuri. Lakini yeye wakimnyima kwaya, atabaki na nini?

Mlango wa ofisi umefunguka, meza bado inagongwa ndani. Ni Rachael, peke yake. Uso wake sijui unasema nini. Amesimama mbele yetu, anaangalia hotipoti.

"Mama Shirley. Jioni nani anampikia?"

K au G, sijasikia vizuri. Nimesogea, nimemwachia nafasi kwenye benchi.