Kwa Nini Askari Wangu Wanawachekea Wezi

Maskati,
Jumapili, baada ya kazi.

Bibi yangu, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute hapo Magoma ukiwa mzima, goti limetulia, na mahindi ya bondeni ngedere hawajayamaliza. Zuhura, mdogo wangu unayesoma, soma polepole na usiruke mstari. Bibi akicheka, subiri amalize. Mimi mumeo ni mzima wa mwili, ila moyo haukai mahali pamoja. Siku hizi nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi, nasahau nilifuata nini.

Kazi ni ile ile ya ukarani: makontena yanaingia, naandika; yanatoka, naandika. Mkuu wangu anaitwa Haitham. Mama yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo Kiswahili anakijua, ingawa changu anakiita cha shamba. Yeye ndiye atakayesema kama mkataba wangu uongezwe au nirudi nyumbani. Ndiyo maana akiniita jina tu, natokwa jasho.

Sasa, huyu Haitham na rafiki zake wanapenda mchezo mmoja wa kompyuta. Unapewa watu wadogo wadogo kwenye kioo, unawajengea mji wa zamani za kale, wanalima, wanakata miti, halafu unapigana na miji mingine. Wao wanabuni falme mpya za Kiislamu za zama zile, ili watu wa nchi nyingine nao wazicheze. Aliposikia kwamba nilisoma historia chuoni, akaniambia, "Hebu na weye tutengenezee mmoja. Usiwe wa Waarabu, hizo tunazo tele."

Nikawatengenezea Wazigua wetu wa mto Pangani, upande wa Korogwe na Handeni. Niliwaambia wazi kwamba huko bara kwetu Uislamu ulichelewa kufika, kwa hiyo huu ni ufalme wa kubuni: tuseme wafanyabiashara wa pwani walipanda na mto mapema, wakaoa kwetu, wakabaki. Walitaka niweke farasi. Nikakataa, mbung'o wangewamaliza. Walitaka msikiti wenye kuba. Nikajenga wa miti na udongo, paa la nyasi. Haitham akauliza, "Huu msikiti au banda la mbuzi?" Sikuubadilisha.

Kila ufalme lazima uwe na nguvu yake ya pekee. Wengine wana ngamia, wengine wana ngome ambazo hazibomoki. Mimi nikawapa watu wetu utani. Magharibi nikawaweka Wanyamwezi na misafara yao. Wakiingia mjini kwetu wanachukua kuku, wanachukua nafaka, na askari wetu hawawagusi. Wanawatukana tu na kucheka. Sisi tukienda kwao ni hivyo hivyo. Na vita kati ya watani haviwezekani kabisa.

Jumatano walikusanyika kuujaribu. Haitham alishika upande wetu. Haukupita muda akapiga kelele, "Wee! Mbona ghala langu linabebwa? Na askari wamesimama wanacheka!"

"Hitilafu hiyo," akasema rafiki yake. "Karani kakosea."

Wote wakanigeukia. Nami, Bibi, nikasema, "Ndiyo, hitilafu. Nitairekebisha."

Kuuondoa utani ule ni kufuta mistari michache tu. Nilifungua mara nyingi nikafunga. Kila nikitaka kufuta nakumbuka siku tulipomzika Babu. Yule mtani wetu Mnyamwezi, aliyekata mkonge pamoja naye, alijilaza kwenye jeneza uwanjani likiwa bado tupu. "Huyu Mzigua hata safari ya mwisho anataka kubebwa! Leo nabebwa mimi. Sishuki bila jogoo!" Na wewe ndani, uliyekuwa hujanena neno tangu alfajiri, ukaita, "Mpeni jogoo mwizi huyo, atuondokee!" Watu wakacheka, na baada ya hapo ndipo ukaweza kulia.

Alhamisi nikamfuata Haitham chumbani kwake.

"Si hitilafu," nikasema. "Nilisema vile kwa hofu." Nikamweleza habari yote ya watani.

Akanitazama. "Mchezo wa vita, na weye umeweka watu wasiopigana?"

"Na hao tu."

"Hata nikiwaamuru?"

"Hata ukiwaamuru. Kitufe hakishiki."

"Mtu anakuibia, unamtukana, mnacheka, basi?"

"Basi."

Akatikisa kichwa. "Sielewi. Na kama mimi sielewi, nani ataelewa? N'takwambia Jumapili kama unabaki au unafutwa."

Ufalme ndio aliokuwa akiusema, lakini mimi nilisikia jina langu. Ijumaa na Jumamosi sikukaa. Nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Niliwaza Baba atasema nini nikishuka stendi ya Korogwe na begi langu, nimefukuzwa kwa ajili ya mchezo wa watoto.

Leo asubuhi nilikuwa nimeweka chai na maandazi mezani. Haitham akaja, hata salamu hakutoa. Akachukua kikombe changu, akanywa huku akiniangalia. Akachukua na andazi. Nikajua amekasirika, yamekwisha. Halafu nikaliona jicho lake. Alikuwa anasubiri.

Bibi, sijawahi kuogopa namna ile. Mkubwa wangu, mbele ya ofisi nzima! Nikasimama, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka:

"Mwizi mkubwa wewe! Kwenu Unguja mmemaliza karafuu, sasa mnakula hadi maandazi ya makarani!"

Makarani wote wakainua vichwa. Haitham akatafuna, akameza bila haraka.

"Mtu wa bara," akasema, "chai yenyewe haina sukari. Umasikini huu mmeutoa huko huko Handeni?"

Kisha akaanza kucheka, hata ikabidi aweke kikombe chini chai isimwagike. Nami nikacheka, machozi yakinitoka.

"Waache askari wako hivyo hivyo," akasema akiondoka. "Usiguse kitu."

Andazi hakurudisha.

Sasa makarani wenzangu wananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mkataba hakuutaja, nami sikuthubutu kuuliza.

Nisalimie Mama, na Mjomba wa Masuguru, na shemeji aliyejifungua; mwambie mtoto nimemwona kwenye picha, masikio ni ya kwetu. Baba akipita kutoka dukani Manundu, mwambie namwamkia, ila haya ya mchezo msimsomee. Na wewe Bibi, usiolewe na mwingine nikiwa huku.

Ni mimi, mumeo asiyelipa mahari,
Athumani